Fundi wa Mitandao Huanza kwa Kukosea Mezani

Na Mwandishi Wetu

Wazazi wengi wa mijini humwona kijana aliyekesha mbele ya kompyuta wakadhani anapoteza muda na umeme. Mara nyingine dhana hiyo ni ya haki. Lakini iwapo kijana huyo anajifunza kuongoza mitambo ya mawasiliano, yafaa wazazi waelewe afanyalo kabla ya kumwamuru azime.

Mtambo wenyewe huitwa ruta. Kazi yake yaweza kufananishwa na safari ya mkazi wa Kwa Mrombo, jijini Arusha, anayekwenda Tengeru. Kondakta wa daladala ya Kwa Mrombo hana haja ya kuijua kila nyumba ya Tengeru. Yatosha ajue abiria ashuke wapi mjini ili apande gari jingine. Vivyo hivyo ruta husoma anwani ya ujumbe, hutazama jedwali lake la njia, kisha huukabidhi ujumbe huo kwa ruta inayofuata.

Zamani aliyetaka kujifunza kazi hii sharti apate ruta halisi, tena zaidi ya moja, nazo si vitu vya kununuliwa kwa mshahara wa kawaida. Siku hizi zipo programu za maabara zipatikanazo bila malipo, kama vile Packet Tracer ya kampuni ya Cisco, na GNS3. Ndani yake mwanafunzi huchora ruta, huziunganisha kwa nyaya za kuchora, na huziandikia amri zile zile za kazini. Ya kwanza huiga mwenendo wa ruta tu, na kompyuta ya kawaida huimudu. Ya pili huweza kuendesha programu halisi za ruta, kwa hiyo hudai kompyuta yenye nguvu zaidi.

NJIA YA KWENDA NA YA KURUDI

Tuseme mwanafunzi amechora ruta tatu kwa umbo la pembetatu, akaziita Kwa Mrombo, Njiro na Tengeru. Hulipa kila tundu la waya anwani yake, kisha hulifungua kwa amri, maana matundu ya ruta za Cisco huja yamefungwa. Huandika njia ya kutoka Kwa Mrombo hadi Tengeru, akatuma ujumbe wa majaribio. Jibu halirudi! Wanafunzi wengi hukwama hapo. Ujumbe ulifika salama, ila ruta ya Tengeru haikuandikiwa njia ya kurudi.

Baadaye hujifunza utaratibu uitwao OSPF, ambao kwao ruta hupashana habari za njia zilizo hai. Akiukata waya wa Kwa Mrombo na Tengeru, ruta hukokotoa upya na ujumbe hupitia Njiro.

Huu si mchezo. Tarehe 12 Mei, 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom iliathiri intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani, na mafundi wakalazimika kuyapitisha mawasiliano katika njia nyingine. Ruta hata iwe hodari namna gani haiwezi kuzua njia isiyokuwapo. Sharti njia ya akiba itayarishwe mapema.

Umeme ukikatika kabla mwanafunzi hajahifadhi kazi yake, hupoteza jioni moja. Kosa hilo hilo likitendeka ofisini, wafanyakazi wote huweza kukosa mawasiliano.

Hata hivyo, maabara ya kompyuta haimfundishi mtu kubana ncha za nyaya, wala kuilinda mitambo dhidi ya vumbi na radi. Hayo hutaka mikono na vifaa, na ndiyo maana vyuo vya ufundi, kama Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanzishwa mwaka 1978, vingali na kazi yao.

Mzazi anayetaka kujua kama kijana anajifunza kweli, na amwambie akate waya mmoja katika mchoro wake, kisha aeleze ujumbe utapita wapi. Akieleza vema, na aachiwe kompyuta.