Kutoka Benki hadi Ubalozini: Dwight Morrow Nchini Meksiko

Rais Coolidge wa Marekani alipomteua Dwight Morrow kuwa balozi nchini Meksiko mwaka 1927, Wameksiko walikuwa na haki ya kushuku. Tangu 1914 Morrow alikuwa mshirika katika benki ya J.P. Morgan, iliyowawakilisha wadai wa nchi yao. Je, mdai ndiye aliyetumwa kuwa mjumbe? Hata hivyo, hakuja na vitisho. Alishiriki kiamshakinywa na Rais Calles, wakautuliza mzozo wa visima vya mafuta. Labda benki ilimfunza kuwa mdaiwa akibanwa mno halipi. Mnamo 1929 alisaidia kuipatanisha serikali na Kanisa Katoliki, vita vya Cristero vikakoma. Huko Cuernavaca alimgharimia Diego Rivera, msanii mkomunisti (ajabu iliyoje!), kuchora ukutani uvamizi wa Wahispania. Alichaguliwa seneta mwaka 1930, akafariki 1931.