Mkopo Mdogo wa Mama Kijijini: Faida na Hadhari



Wengi wetu tulio viwandani na mashambani tumeacha jamaa zetu vijijini. Mshahara ukichelewa, mama wa nyumbani ndiye anayehangaikia chumvi, dawa na karo. Benki hudai dhamana, na shamba mara nyingi limeandikwa kwa jina la mume. Basi huenda kwa mkopeshaji wa riba kubwa, na deni huzidi kukua.

Wanawake wa Niger walionyesha njia nyingine. Mwaka 1991, katika mkoa wa Maradi, shirika la CARE liliwasaidia kuanzisha vikundi vya kuweka na kukopa. Fedha zilikuwa zao wenyewe. Tangu hapo mpango huo umeenea nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Uganda, Tanzania na Malawi.

Utaratibu ni huu. Watu 15 hadi 30 wanaoaminiana hukutana kila wiki, na kila mmoja hununua hisa, moja hadi tano. Fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na mtunza sanduku si mmoja wao. Hivyo halifunguliwi ila mbele ya wote. Mwanachama huweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, akanunua mbegu, kuku au bidhaa za genge. Riba anayolipa haimwendei tajiri. Hurudi sandukuni, na mwisho wa mwaka hugawanywa kwa kadiri ya hisa.

Lakini tusidanganyane. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 kuhusu vikundi vya Ghana, Malawi na Uganda uliona kuwa biashara za nyumbani zilipata nafuu na wanawake walipata sauti zaidi. Haukuona kwamba matumizi ya nyumba kwa wastani yaliongezeka. Mkopo si mshahara.

Tena, kabla ya kukopa kwa kampuni, tuulize hesabu. Ukikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ukalipa kwa miezi 10 sawasawa, riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa kwanza utarudisha 200,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, utarudisha 155,000. Asilimia ni ile ile, mzigo ni mbalimbali.

Basi tuwaunge mkono mama zetu na dada zetu katika vikundi vyao, nasi tuzidi kudai mshahara wa haki. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kisitobolewe na mnyonyaji.