Tromboni, Fulana na Hesabu za Less Than Jake

Bendi ya watu watano ikishuka jukwaani, kinachobaki baada ya promota, meneja, mafundi wa sauti na dereva wa basi kuchukua chao hugawanywa mara tano. Hesabu hiyo imezimaliza bendi nyingi za ska. Muziki huu, uliozaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, haunogi bila vyombo vya kupuliza. Kikundi cha panki kinajitosheleza kwa watu watatu. Ska inadai tromboni na saksafoni, na kila mpulizaji ana tumbo, kitanda na mgawo wake. Kwa hiyo Less Than Jake, bendi ya ska na pop-panki iliyoanzishwa mwaka 1992 katika mji wa chuo kikuu wa Gainesville, Florida, inastahili kutazamwa kwa jicho la biashara. Haijawahi kuwa na wimbo uliofika kileleni mwa chati za Marekani, lakini imewalisha watu wake kwa zaidi ya miaka thelathini.

Albamu yao ya kwanza, Pezcore, ilitoka mwaka 1995 kupitia lebo ndogo ya Dill. Wakati huohuo kampuni kubwa zilikuwa zimenusa fedha katika ska: No Doubt walitoa Tragic Kingdom mwaka huo, albamu iliyokuja kufikia nakala milioni 10 Marekani peke yake, na mwaka 1997 The Mighty Mighty Bosstones wakatamba redioni. Capitol, moja ya kampuni hizo, ikawachukua Less Than Jake, ikatoa Losing Streak mwaka 1996 na Hello Rockview mwaka 1998.

Hapa panahitaji kutuliwa, maana ndipo wanamuziki wengi hupotea. Fedha ambazo lebo humkabidhi msanii anaposaini mkataba ni kama mkopo. Studio, prodyuza, na mara nyingi sehemu ya gharama za video huandikwa upande wa deni, na deni hulipwa kutokana na mrabaha wa msanii, ambao ni asilimia ndogo ya bei. Lebo inaweza kuwa imeshapata faida yake huku daftari la bendi bado linasoma hasi. Na rekodi zenyewe, kwa mikataba ya aina hii, kwa kawaida hubaki mali ya lebo.

Mtindo ulipopoa, kampuni kubwa zilihamia kwingine. Less Than Jake waliachana na Capitol, na Borders & Boundaries ikatoka mwaka 2000 kwa Fat Wreck Chords, lebo huru iliyokuwa ya Fat Mike wa bendi ya NOFX. Kisha wakarudi tena kwa wakubwa: Sire, iliyo chini ya Warner, ilitoa Anthem mwaka 2003, ikafika nafasi ya 45 kwenye chati ya albamu ya Billboard. Albamu iliyofuata, ya mwaka 2006, ilipunguza ska na kuegemea pop, na mashabiki wengi wa siku zote hawakuipenda. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lao kubwa la kibiashara, kwa sababu lilimgusa mteja ambaye tayari alikuwa mfukoni. Walilisahihisha haraka. Mwaka 2008 walitoa GNV FLA kupitia lebo yao wenyewe, Sleep It Off, ikiwa na jina la mji wao kwa kifupi, na vyombo vya kupuliza vikarudi mbele.

Fedha ya kila siku, hata hivyo, ilikuwa barabarani. Warped Tour, tamasha la kuzunguka lililoanzishwa na Kevin Lyman mwaka 1995, lilikuwa soko lao la msimu wa kiangazi, na ni bendi chache zilizorudi humo mara nyingi kama wao. Kila bendi ilipewa takriban nusu saa, na ratiba ya siku ilijulikana asubuhi hiyohiyo, hivyo vijana waliwahi na kukaa kutwa nzima wakipita kwenye mahema ya bidhaa. Fulana inayouzwa hemani hailipi deni la mtu: ukitoa gharama ya kuichapisha na kodi ya mwenye ukumbi inapokuwepo, kinachobaki ni cha bendi, na kinalipwa papo hapo. Less Than Jake waliongeza santuri za rangi mbalimbali na matoleo ya nakala chache, kwa kuwa mpiga ngoma wao wa wakati huo, Vinnie Fiorello, ni mkusanyaji wa vitu na anajua mkusanyaji mwenzake hununua nini.

Huyohuyo Fiorello, pamoja na John Janick aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Florida, alianzisha lebo ya Fueled by Ramen mwaka 1996. Humo walipita Jimmy Eat World, Fall Out Boy na Paramore, na albamu ya kwanza ya Panic! at the Disco, ya mwaka 2005, ikauza zaidi ya nakala milioni moja Marekani. Fiorello aliachana na lebo hiyo na mwaka 2008 akaanzisha nyingine ndogo, Paper + Plastick. Janick alipanda hadi kuongoza kampuni ya Interscope Geffen A&M. Thamani kubwa kuliko zote iliyotoka mikononi mwa watu wa Less Than Jake, basi, ilitokana na nyimbo za bendi nyingine.

Mwaka 2018 Warped Tour ilifanya mzunguko wake wa mwisho wa nchi nzima, na Fiorello, mwandishi wa mashairi yao mengi, akaacha kuzunguka na bendi. Matt Yonker akakaa kwenye ngoma. Silver Linings, albamu ya kwanza bila Fiorello, ilitolewa na lebo ya Pure Noise Desemba 2020, kumbi zikiwa zimefungwa kwa korona. Chris DeMakes, mwimbaji na mpiga gitaa, alikuwa ameanzisha podikasti mwaka huo ya kuwahoji watunzi kuhusu nyimbo zao. Kumbi zilipofunguliwa, watu watano, tromboni na saksafoni zikiwemo, walipanda tena basi.