Kabla Hujalipia Waranti ya Betri ya Haibridi

Msomaji wa Mombasa ameniuliza swali ambalo naamini wengi wanalo. Amepata Toyota Aqua kwenye yadi, imeteremshwa bandarini majuzi kutoka Japani, na bei wameshakubaliana. Kabla hajatia saini, muuzaji amemletea karatasi ya pili: waranti ya betri kubwa kwa miaka miwili, kwa Sh60,000 za ziada. Anataka kujua kama alipe au ni pesa ya kutupa.

Haibridi ni gari gani na inaokoa mafuta vipi, hayo yameandikwa mno, nayaruka. Swali lake linahusu sanduku moja lililofichwa chini ya kiti cha nyuma, na jibu linategemea namna sanduku hilo linavyokufa.

Aqua iliingia sokoni Japani Desemba 2011 ikiwa na betri ya nikeli na hidridi ya metali. Ndani ya sanduku mna moduli 20 nyembamba za plastiki, zimesimama bega kwa bega. Kila moduli ina seli 6, na kila seli hutoa volti 1.2. Zidisha utapata seli 120 na volti 144. Prius ya kizazi cha pili ilibeba moduli 28, yaani seli 168 na volti 201.6.

Upande hasi wa seli hizi ni aloi ya nikeli na madini adimu kama lanthani, na aloi hiyo hunywa hidrojeni. Atomi za hidrojeni hupenya kwenye mianya iliyo kati ya atomi za metali na kujibanza humo mpaka zihitajiwe. Betri ikichajiwa, aloi humeza hidrojeni na kuvimba kidogo. Ikitumika, huitema na kunywea. Miaka ikienda, kule kuvimba na kunywea huijaza nyufa, kila ufa huanika metali mbichi kwenye majimaji makali ya alkali yaliyomo ndani, na metali huanza kulika. Majimaji nayo hupungua, ukinzani wa ndani hupanda. Ndivyo seli inavyozeeka, na kama zote 120 zingezeeka kwa mwendo mmoja, gari lingeendelea na kazi kwa muda mrefu likiwa na betri dhaifu kidogo tu. Tatizo ni kwamba hazizeeki pamoja, na zimeungwa kwa mfululizo.

Fikiria siku ya kumwaga zege la slabu. Vibarua wamejipanga kwenye ngazi ya mbao, kuanzia kwenye mashine ya kuchanganyia hadi juu ya jengo, na makarai yanapita mkono kwa mkono. Kila kibarua hulinyanyua karai kimo kimoja tu, akampa wa juu yake. Kimo chote ambacho zege limepanda ni jumla ya minyanyuo yao wote, na hiyo ndiyo volti. Makarai yanayopita kwa dakika ndiyo mkondo wa umeme, na hesabu yake ni ileile kwa kila mtu kwenye mstari, kwa kuwa karai halina njia nyingine ya kupita. Nguvu iliyobaki mwilini mwa kila mmoja ni chaji yake.

Sasa kuna mmoja katikati ya mstari aliyekuja kazini hajatia kitu tumboni. Kazi ikienda polepole, hakuna anayemgundua. Nyapara akipaza sauti waharakishe, yaani dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima, mkono wa yule mmoja hushuka. Wenzake bado wana nguvu tele, lakini makarai yanaendelea kumfikia kwa kasi ileile kama ya wengine. Ikifika mahali ameishiwa kabisa na mstari haujasimama, hanyanyui tena; uzito wa karai unamsukuma yeye chini. Kwenye betri, seli iliyokwisha chaji huku wenzake wakiendelea kusukuma mkondo hugeuzwa, chanya ikawa hasi, ikapata joto na kutoa gesi. Wenzake 119 ni wazima, na gari limekwama.

Mapumziko nayo huzidisha mambo. Mkondo wa kuchaji pia ni mmoja kwa seli zote, kwa hiyo kila kibarua hupewa pumziko la urefu uleule, na aliyechoka zaidi hapati nafasi ya kuwafikia wenzake. Zaidi ya hapo, kompyuta ya gari huiweka betri kati ya takriban asilimia 40 na 80, haiishi kabisa wala haijai kabisa. Busara hiyo ndiyo imezifanya betri hizi zidumu miaka mingi kuliko wengi walivyotarajia Prius ya kwanza ilipotoka mwaka 1997. Lakini kwa kuwa pumziko refu halitolewi kamwe, pengo kati ya mzima na mchovu hukua kimyakimya. Kulifunga kunataka moduli zichajiwe polepole kwa saa nyingi mpaka hata iliyo nyuma ijae, huku zilizokwisha kujaa zikigeuza umeme wa ziada kuwa joto. Hiyo ndiyo kazi wanayoifanya mafundi wanapokwambia wataifufua betri, na ina msingi wa kweli wa kikemia, ingawa haizibi nyufa za aloi.

Gereji husema betri "imechoka", na neno hilo linanisumbua kwa sababu linazichukulia seli zote kuwa zimechoka sawasawa. Nitauita ugonjwa huu mpishano, maana kinachoua ni seli kupishana.

Nani huchoka kwanza? Mara nyingi ni moduli za katikati, zilizobanwa na jirani pande zote mbili, zisizopata hewa kama za pembeni. Kanuni ya jumla ya wanakemia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, mwendo wa kuoza kama huu unakaribia kuongezeka maradufu. Feni ya betri huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma; gari likiwa limeoka juani Machi, hewa hiyo ni ya tanuri. Nimesimama kando ya fundi mmoja Changamwe akichomoa kifuniko cha tundu hilo: kichujio kilikuwa kimevaa blanketi la kijivu la vumbi, nyuzi za zulia na makombo ya biskuti ya mtoto. Alipofungua sanduku lenyewe, vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vilikuwa na ukoga wa kijani kwenye ncha. Hewa ya chumvi ya pwani huchangia ukoga huo, na huweza kuidanganya kompyuta: nyaya za kupima zikikutana na ukinzani wa ukoga, moduli nzima huonekana dhaifu na taa ya onyo huwaka. Kuna watu wameuziwa betri mpya kwa ajili ya shaba iliyohitaji kusuguliwa.

Kwa hiyo betri ya aina hii haifi ghafla, hata kama taa huwaka ghafla. Mpishano huwepo muda mrefu kabla ya taa, na unapimika. Fundi mwenye skana, au mtu mwenye kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi na programu kama Dr. Prius kwenye simu, anaweza kusoma volti za kila kundi la moduli gari likiwa limetulia na likiwa linavuta kwa nguvu. Kompyuta ya Prius huzipima moduli mbili mbili, seli 12 kwa mara moja. Makundi yakipishana kwa sehemu chache za kumi za volti wakati wa mzigo, betri iko sawa. Kundi moja likiwa chini ya wenzake kwa karibu volti 1.2, hesabu ni rahisi: hapo kuna seli iliyokufa. Dalili za barabarani zipo pia: kipimo cha betri kinachoruka kutoka juu hadi chini kwa dakika chache, na feni inayonguruma bila sababu.

Sasa rudi kwenye Sh60,000. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba kubadilisha betri nzima kutakugharimu Sh150,000. Ili usipate hasara kwenye waranti, uwezekano wa betri kufa ndani ya miaka hiyo miwili lazima ufike asilimia 40. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo gari la msomaji huyu si kikongwe. Toyota yenyewe, yenye takwimu nyingi kuliko yeyote, hutoa dhamana ya betri ya haibridi nchini Marekani ya miaka 10 au maili 150,000, karibu kilomita 240,000, kwa magari ya kuanzia modeli ya 2020. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 8 au maili 100,000 katika majimbo mengi. Dhamana hizo hazivuki bahari na gari lako, na Marekani si Mombasa, lakini kampuni haitoi ahadi ya miaka 10 kwa kitu inachotarajia kitakufa mwaka wa sita. Asilimia 40 ni nyingi mno kwa betri iliyopimwa ikaonekana haina mpishano.

Na hapo ni ikiwa waranti inalipa betri nzima. Hiki ndicho kifungu ambacho ningekisoma kwa kidole. Karatasi nyingi za namna hii humpa muuzaji uhuru wa "kutengeneza au kubadilisha", na njia ya bei nafuu ni kuchomoa moduli moja mbovu na kupachika ya mtumba. Ni sawa na kumleta kibarua aliyelala usingizi wa kutosha katikati ya mstari wa waliochoka. Taa inazimika, mteja anashukuru, na baada ya miezi michache aliyekuwa wa pili kwa uchovu anaanguka. Moduli inayoingia lazima ilingane na zilizobaki, na kazi hiyo ya kulinganisha ina gharama ambayo muuzaji hana sababu ya kuibeba. Tazama pia kama "kuchakaa kwa kawaida" kumeondolewa. Kwa jinsi seli zinavyokufa, maneno hayo matatu yanaondoa karibu kila kitu.

Inverta na pampu ya breki ni ghali pia, na waranti ya betri haizigusi. Betri ndogo ya volti 12 haimo kabisa, ingawa ikidhoofika huwasha taa za kutisha kwenye dashibodi. Ukiwa na Honda Fit ya haibridi ya kizazi cha tatu au Nissan Note e-Power, betri ni ya lithiamu na mengi niliyosema hapa yanabadilika. Kwa Fit ya 2013 na 2014 ningeiogopa giaboksi kwanza. Na usifungue sanduku mwenyewe: volti 144 za mkondo mnyoofu zinaua.

Kwa msomaji wangu, basi: mpeleke fundi na skana yadini kabla ya kutia saini, mwendeshe gari mlimani kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mwangalie makundi. Yakienda pamoja, usinunue waranti. Safisha kichujio na uweke Sh60,000 zako kwenye Sacco. Kukiwa na kundi moja linalobaki nyuma kidogo, hapo waranti ina maana, mradi iandikwe kwamba msimbo wa hitilafu P0A80 ukijitokeza utabadilishiwa betri nzima. Kundi likiwa chini kwa volti nzima, dai bei ya betri ipunguzwe kwenye bei ya gari. Muuzaji akikataa gari lipimwe, tafuta Aqua nyingine. Yadi za Mombasa zinazo nyingi.