Titi likiondolewa, nani anaamua kinachofuata?

Kikao cha familia kimejaa. Kaka mkubwa anapiga hesabu ya nauli na gharama za hospitali, wifi anauliza nani atabaki na watoto, mama mkwe anasema mengine aachiwe Mungu. Daktari ameshasema titi la kushoto liondolewe. Kila kitu kinajadiliwa isipokuwa jambo moja: kidonda kikishapona, mwenye mwili anataka kuishi na umbo gani?

Mara nyingi mwenyewe huona aibu kuuliza. Akijaribu, hujibiwa, "Cha muhimu ni uhai, mwanangu." Jibu hilo lina upendo na lina ukweli, lakini halimalizi jambo. Mwanamke huyo akipona ataoga kila siku, atashonesha sare ya harusi, atalala kitanda kimoja na mumewe. Kovu litakuwepo katika yote hayo.

Chukulia kwamba mwanamke huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 43 na watoto watatu. Anayo mambo kadhaa ya kujua kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, na la kwanza linahusu titi alilonalo sasa.

Je, lazima liondolewe lote?

Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya tafiti mbili kubwa, moja ya Italia na nyingine ya Marekani, zilizowafuatilia wagonjwa kwa miaka 20. Zilionyesha kuwa wanawake wenye saratani ya hatua za mwanzo waliokatwa sehemu ya titi na kupewa mionzi hawakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kuliko walioondolewa titi zima. Kwa hiyo mwalimu wetu ana haki ya kumuuliza daktari kama hilo linawezekana kwake.

Kwa wengi jibu huwa hapana, kwa sababu wamefika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa. Wengine hushindwa kwa sababu ya umbali. Nchini Tanzania mionzi hutolewa katika vituo vichache, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Anayeishi Sumbawanga lazima afikirie wiki kadhaa za kukaa mbali na nyumbani.

Njia tatu

Ikiwa titi lote litaondolewa, zipo njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na kifua kilivyo, bila kuongeza chochote. Haina upasuaji wa pili, na mwanamke hurudi kwenye shughuli zake mapema. Anayeichagua amwambie daktari mapema, ili ngozi ifungwe vizuri na kifua kibaki bapa, bila mikunjo inayoning'inia na kusumbua chini ya nguo.

Ya pili ni titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria. Yapo ya silikoni, yenye uzito unaokaribia wa titi halisi, na yapo mepesi ya kitambaa au ya kufumwa kwa uzi wa pamba. Katika wiki za mwanzo, kovu likiwa bichi, hutumika lile jepesi. Fundi cherehani wa mtaani anaweza kushona mfuko mdogo ndani ya sidiria ili lisihame mtu akiinama. Kwa mwenye matiti makubwa, uzito husaidia pia mabega yasielemee upande mmoja.

Ya tatu ni kutengenezewa titi jipya kwa upasuaji. Daktari anaweza kuweka mfuko wa silikoni chini ya ngozi au msuli wa kifua. Mara nyingi hutanguliza kifuko kinachojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo ili ngozi itanuke, kisha hukibadilisha. Au anaweza kuchukua nyama ya mwili wenyewe, yaani ngozi na mafuta ya tumbo, au msuli wa mgongoni, na kuunda titi. Upasuaji huu wa pili huchukua saa nyingi zaidi, huacha kovu sehemu mbili na hudai wiki nyingi za kupona. Kwa mama anayebeba ndoo za maji na kulima, tumbo au mgongo kupungua nguvu si jambo dogo.

Ni vizuri kujua mapema kile ambacho titi jipya halitaweza. Halitanyonyesha. Kwa kawaida hisia hupungua sana au hupotea. Chuchu inaweza kutengenezwa kwa ngozi au kuchorwa kwa wino, lakini haitakuwa ile ya zamani. Mfuko wa silikoni nao haudumu maisha yote: unaweza kupasuka au kuzungukwa na kovu gumu, ukahitaji kutolewa au kubadilishwa. Kwa upande mwingine, hofu ya wengi kwamba titi la kutengenezwa huirudisha saratani haijathibitishwa na tafiti.

Wawili walioamua tofauti

Wanawake wawili mashuhuri wa Marekani waliwahi kueleza hadharani walichochagua. Mshairi Audre Lorde aliondolewa titi mwaka 1978 na akakataa kuvaa la bandia. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 anasimulia jinsi muuguzi alivyomkemea kwa kuja kliniki bila titi la bandia, akidai jambo hilo linashusha ari ya ofisi. Lorde alimkumbuka Moshe Dayan, kiongozi wa Israel aliyefunika jicho lake moja kwa kitambaa cheusi. Yeye, alisema, hakuna aliyemwambia avae jicho la kioo ili watu wajisikie vizuri.

Mwigizaji Angelina Jolie alitangaza mwaka 2013, akiwa na miaka 37, kwamba ameondolewa matiti yote mawili na kutengenezewa mengine. Hakuwa na saratani. Alikuwa amerithi hitilafu ya vinasaba inayoongeza sana hatari ya kuipata, na mama yake alifariki kwa saratani akiwa na miaka 56.

Mmoja alikataa, mwingine akakubali. Kinachowaunganisha ni kwamba waliamua wenyewe.

Si lazima leo

Titi linaweza kutengenezwa siku ileile ya kuondoa lingine, au baada ya miezi, hata miaka. Anayetarajia mionzi mara nyingi hushauriwa kusubiri, kwa kuwa mionzi hukaza ngozi na kuongeza matatizo, hasa kwa mfuko wa silikoni. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona. Kwa hiyo mwenye haraka ya kutibu saratani anaweza kuanza na tiba, akaja kuamua kuhusu umbo baadaye akiwa ametulia.

Fedha nazo zina sauti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inazitaka bima zinazolipia kuondoa titi zilipie pia kulitengeneza upya. Afrika Mashariki mgonjwa asidhani hivyo. Aulize bima yake mapema inalipia nini, na apate jibu kwa maandishi. Madaktari bingwa wa upasuaji huu ni wachache na wengi wako hospitali kubwa za mijini, kwa hiyo nauli na siku za kurudi kliniki ziingie kwenye hesabu.

Mume afanye nini?

Wanaume wengi hunyamaza wakidhani ndiyo heshima, na mke akiona kimya hudhani amechukiwa. Wengine huharakisha kusema, "Fanya vyovyote, mimi sijali." Mke husikia neno moja tu, "sijali". Afadhali aseme, "Mke wangu, nitakuwa na wewe kwa lolote. Wewe mwenyewe unataka nini?" Kisha anyamaze, asikilize.

Mwalimu wetu aende kliniki na daftari lenye maswali: Nitapewa mionzi? Nikisubiri nitapoteza nini? Daktari huyu amewafanyia wangapi upasuaji huu, na naweza kuona picha zao? Likiharibika, atalirekebisha nani na kwa gharama ya nani? Aende na mtu mmoja anayemwamini, wa kumsaidia kukumbuka majibu, si wa kujibu kwa niaba yake.

Na kikao cha familia kitakapokaa tena, yeye ndiye aanze kuzungumza.