Maji Moto Mashambani: Tuwachome au Tuwaache?

Wanachama kadhaa wamenijia na swali moja: je, yafaa kuchoma viota vya maji moto kabla ya kuchuma? Wachumaji wanalalamika, na wana haki. Mtu aliye juu ya tawi, kikapu kikiwa mkononi, hawezi kustahimili kung'atwa shingoni. Mimi mwenyewe nimepata kushuka mtini upesi kuliko nilivyopanda.

Walakini shamba si miti peke yake. Maji moto hushona majani mabichi kwa uzi utokao kwa watoto wao, na mkarafuu, usiopukutika majani yote, huwafaa sana. Humo hufuga vidudu vya magamba na kunywa utamu wao, mfano wa mtu na ng'ombe wake. M. J. Way, mtaalamu aliyewachunguza Unguja, aliyaandika hayo mwaka 1954.

Faida yao kubwa imo katika minazi. Yuko mdudu afyonzaye vidaka, navyo huanguka au hutoka na makovu. Wataalamu walimpa jina la huyo bwana Way, Pseudotheraptus wayi. Maji moto humwinda na kumfukuza. Lakini nao wana adui: chungu wadogo wa kahawia, wenye vichwa vikubwa, wakaao ardhini.

Hapo ndipo upepo, jua na udongo huingia katika vita hivi visivyo vyao. Matawi yakigusana, maji moto hupita juu kwa juu wala hawakutani na adui. Upepo ukiangusha mti mmoja, pengo hutokea, nao hulazimika kushuka chini. (Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu mingi mno Unguja, fikirini mapengo yale!) Tena imeonekana katika minazi ya Tanzania kwamba majani yakiachwa chini ya miti, wale wadogo hupunguza ukali wao juu ya maji moto. Basi yule tunayemsifu kwa kufyeka mpaka udongo ung'ae, pengine anajidhuru.

Shauri langu: moto usitumike kabisa, kwani mkarafuu huungua upesi. Kata kiota alfajiri, wangali ndani, tena katika mti utakaochumwa tu. Vilivyo karibu na minazi viacheni.

Mwenye mikarafuu mitupu, bila mnazi hata mmoja, na awasikilize wachumaji wake kwanza.