Ukimwambia Mhispania 'a las dos', atakuja saa nane!

Wiki hii naanza kwa kukiri kosa. Siku moja nikiwa Iringa mjini nilikutana na jamaa mmoja wa Kihispania. Alikuwa ametoka kuangalia tembo wa Ruaha, na sasa anataka kuwahi Mbeya akapande treni ya TAZARA aende zake Zambia. Akauliza basi la kesho saa ngapi. Nami, na Kihispania changu cha kuokoteza, nikajibu kibingwa: "El bus sale a las dos!" Yaani, basi linaondoka saa mbili.

Kesho yake saa mbili asubuhi basi likaondoka, kiti chake kitupu. Jamaa akaibuka saa nane mchana, begi mgongoni, meno yote nje. Hakuchelewa hata dakika! 'Dos' ni mbili kweli, ila saa mbili yao ndiyo saa nane yetu. Na treni ya abiria ya TAZARA haipiti kila siku. Basi limemwacha, treni nayo imemwacha, na sababu ni mimi. Aibu niliyoipata siku ile, wee acha tu!

Kwa hiyo wewe unayetaka kutembeza wageni, anza na saa. Angalia saa ya ukutani, kisha taja namba inayotazamana na ile unayotaka kusema. Saa 2 asubuhi ni 'las ocho de la mañana'. Saa 8 mchana ni 'las dos de la tarde'. Saa 2 usiku ni 'las ocho de la noche'. Usiache ule mkia wa mwisho, ndio unaotenganisha asubuhi na usiku.

Matamshi yasikutishe. Irabu zao ni tano kama zetu: a, e, i, o, u. Ile ñ ni 'ny' yetu, kwa hiyo mañana ni 'manyana'. H haitamkwi, hora (saa) inakuwa 'ora'.

Haya, sasa tuchelewe. Lori limekwama Mlima Kitonga, foleni haina mwisho: 'Hay retraso', kuna kuchelewa. Gari limeharibika: 'avería'. Tairi limepata pancha: 'pinchazo'. Uko uwanja wa Songwe na ndege haionekani kwa sababu ya ukungu: 'niebla'. Treni imechelewa kwa saa mbili: 'El tren lleva dos horas de retraso.' Hapo hakuna kugeuza namba, kwani muda wa saa mbili ni uleule Mbeya na Madrid.

Angalia mitego. Neno 'tarde' lina kazi mbili: ni mchana kuelekea jioni, na pia ni kuchelewa. 'Mañana' ni asubuhi, na pia ni kesho. Mgeni akisema 'mañana por la mañana', hajapata kigugumizi, anasema kesho asubuhi! Treni unaweza kuiita 'retrasado', imechelewa. Ila mtu usimwite hivyo, ni tusi la kumwambia hana akili. Sema tu 'llega tarde', anachelewa kufika.

Kitu kingine. Sisi huachwa na basi, kosa ni la basi! Mhispania husema 'he perdido el bus', yaani nimelipoteza basi. Kosa kalibeba mwenyewe. Lakini usidhani wote ni watu wa dakika. Kule Mexico kuna neno 'ahorita', sasa hivi, ambalo ni ndugu wa 'nakuja' yetu: linaweza kuwa dakika moja, linaweza kuwa mpaka giza liingie.

Na lugha hiyo si ya Wahispania peke yao. Karibu Amerika ya Kusini nzima ukiitoa Brazil, na hata hapa Afrika, Guinea ya Ikweta.

Neno la mwisho ndilo nililipenda zaidi: 'esperar'. Maana yake kusubiri, na pia kutumaini. Ukikaa kwenye benchi la stesheni ya Mbeya, baridi inapenya koti, utaelewa kwa nini neno moja linatosha. Yule jamaa alinifundisha mwenyewe, tukiwa tumekaa stendi tukinywa chai. Chai nililipa mimi, bila shaka.

Hasta luego, tutaonana wiki ijayo. Usichelewe!